Matawi ya Saa Tatu na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu Futi,

Dereva wa lori la maji amekubali kukuletea barua zangu kila anapokuja huko kambini kwenu, kwa sharti kwamba zisiwe na uzito wa tofali. Nimemwambia simwahidi kitu.

Asante kwa kunifikishia barua yangu kwenye Bodi ya Wakunga siku uliyoondoka. Najua ulinicheka. Mtu gani anatia sahihi karatasi tupu, kisha anamkabidhi mwenzake akachape maneno juu yake dukani? Mkunga, ndiye. Miaka ishirini na mmoja natia sahihi fomu zangu zote mwanzo wa zamu, mikono ikiwa mikavu, maana baadaye mikono inakuwa na shughuli nyingine. Wodi nzima tunafanya hivyo. Na hapo ndipo waliponipatia. Fomu ya mama wa kitanda cha sita ilikuwa na sahihi yangu chini na nafasi wazi juu, Msimamizi wa wodi akaja akazijaza: daktari ameitwa saa tatu na robo, amefika saa tatu na nusu. Kuitwa kweli aliitwa saa tatu na robo. Kufika, Futi, alifika saa tano na dakika kumi. Karibu saa mbili nzima nilikuwa nimelishika tumbo la yule mama nikizuia damu, na mikono yangu mpaka leo inajua ilikaa pale muda gani.

Mumewe, fundi viti, aliponiuliza kwenye korido mkewe amekufaje, nilimwambia kweli. Kwa kosa hilo nimesimamishwa leseni, na hospitali inasema nimeichafua.

Bodi watanisikiliza tarehe tisa Aprili. Barua uliyopeleka ilikuwa ya mistari sita tu: kwamba siombi radhi na nitajieleza mwenyewe. Sasa naandaa maelezo marefu, na hapo ndipo ninapogombana na huyu mtu wako uliyeniachia kwenye kompyuta. Nafungua lile daftari, naandika sentensi moja, nabonyeza pale uliponionyesha, naye akili bandia anaimalizia kwa njia tano tofauti. Nikichagua mojawapo, anaipasua tena mara tano. Pembeni kuna mchoro wa mti, kila siku unaongeza matawi. Nimempa jina: Mmaliziaji. Nimemwandikia, "Nilimwita daktari saa tatu na robo," nikamwachia. Katika matawi yote matano daktari alifika upesi. Katika mawili mama alipona. Katika moja nililia machozi ya furaha.

Nimemzimia kompyuta.

Kula vizuri, na usilale na soksi zilizoloa.

Dada yako

*

Jumamosi, 8 Machi

Dada,

Soksi zimekauka. Hema halijakauka. Tunapima njia ya barabara mpya kwenye bonde lenye matope, na kila kigingi tunachopigilia asubuhi, jioni kimeinama kama kinasali.

Barua yako Bodi ilifika, usiwe na wasiwasi nayo.

Kuhusu Mmaliziaji, usimkasirikie. Yeye hajui kilichotokea wodini. Amesoma maandishi ya watu wengi mno, na kazi yake ni kukisia maneno gani yangefuata. Watu wengi wakiandika kwamba daktari ameitwa, sentensi inayofuata daktari anaingia mlangoni. Ndiyo maana kile kiprogramu nilikichomeka kwenye daftari lako: kinakuonyesha njia nyingi kwa pamoja, unachagua, unarudi nyuma, unajaribu nyingine, hakuna kinachopotea. Mimi ripoti zangu zote naziandika hivyo. Kumbuka tu mambo mawili. Maneno yake ni ya bluu, yako ni meusi. Na ukichapa, linachapwa lile tawi ulilolifungua, mengine yanabaki.

Sasa niseme kitu usinirushie sahani, ingawa huku hazifiki. Ungejaribu tawi moja la samahani? Si lazima ulipeleke. Uone tu linavyosomeka. Bodi wanataka maneno mawili, Dada. Maneno mawili, na kesho yake umerudi wodini. Yule mama hatarudi ukisema hivi wala ukisema vile.

Najua nimekuudhi. Lakini nani mwingine atakwambia?

Mdogo wako,
Futi

*

Jumatano, 12 Machi

Futi,

Sahani ningekurushia. Nimeosha zote nikakusamehe nusu.

Nilijaribu hilo tawi lako la samahani. Nilimwandikia Mmaliziaji neno moja, "Naomba," akanitiririshia kurasa mbili. Hajaona kazi tamu kama hiyo. Kila tawi lina "kwa unyenyekevu mkubwa" ndani yake. Nimegundua kwamba ukimwacha aende anakotaka, huwa anaelekea kunipigisha magoti. Nikasema basi, vizuri, huyu ni wa kumtumia kama unavyomtumia mtu muoga: unamuuliza njia ili ujue yeye angepita wapi, halafu wewe unapita kwingine.

Kwa hiyo nimekaa naye siku tatu, tangu asubuhi, naandika sentensi zangu nyeusi na kuzitazama zake za bluu. Na nimeona kitu. Matawi yote yanaachana mahali pamoja, kwenye saa. Nikiandika daktari kafika saa tatu na nusu, hadithi yote inakwenda vizuri, kila mtu ni mwema, mimi ni mwongo. Nikiandika saa tano na dakika kumi, na yeye anababaika, anaanza kuuliza watu walikuwa wapi. Nafasi ile moja kwenye fomu, upana wa kidole, ndiyo iliyobeba kila kitu. Na mimi niliiacha wazi juu ya sahihi yangu.

Sasa sikia. Jana, kwenye tawi moja la saa tano, Mmaliziaji aliandika: "Mhudumu akaja tena na shuka safi." Nikaacha kikombe hewani. Maana ni kweli. Bibi Shuka alikuja, yule mama mnene wa kufulia anayevaa saa mbili mkononi kwa sababu haamini hata moja. Alikuja, akabadilisha, akaondoka, akaja tena. Na yeye kila shuka anayotoa anaiandika kwenye daftari lake: kitanda, saa, idadi. Wodi nzima tunamcheka kwa hilo.

Kama daktari alifika saa tatu na nusu na mama akapelekwa chumba cha upasuaji, nani alikuwa anavuja damu kwenye kitanda cha sita saa nne na saa nne na nusu?

Kesho nakwenda kufulia. Sijalala na furaha hivi tangu Januari.

Dada yako

*

Jumapili, 16 Machi

Dada,

Ngoja kwanza.

Umesema wewe mwenyewe kwamba Mmaliziaji aliandika kwanza, ndipo wewe ukakumbuka. Je, umekumbuka, au umemwamini? Mimi nimewahi kumwandikia "nilipima hadi kwenye," akanimalizia "mti mkubwa wa mpakani," na kwa siku mbili nikawa nauona ule mti. Nilirudi na darubini. Hapakuwa na mti wowote. Palikuwa na shamba la nyasi na mbuzi mmoja.

Nakupenda, ndiyo maana nasema. Ukienda mbele ya Bodi na shuka zilizoletwa na kompyuta, watakucheka, na watu wa hospitali watakumaliza. Usiende kufulia. Usimwingize Bibi Shuka kwenye matatizo, naye ana kazi ya kulinda. Nakuomba usipeleke karatasi nyingine yoyote. Acha mambo yatulie. Labda yatakwisha vizuri kuliko unavyodhani.

Huku mvua imekata kidogo. Vigingi vimesimama.

Futi

*

Alhamisi, 20 Machi

Futi,

Barua yako ilinikuta nimeshakwenda na kurudi.

Umenitia shaka hata hivyo, na shaka yako ilikuwa halali. Njiani kuelekea kufulia niliwaza jambo hilo hilo: labda huyu mtu wa bluu amenipandikizia mwanamke na shuka zake, na mimi kwa hamu yangu nimempa sura na saa mbili za mkononi. Sikumuuliza Bibi Shuka chochote cha kumwongoza. Nilisema tu, "Shikamoo Bibi, nionyeshe tarehe kumi na nne Januari."

Akalowesha kidole, akafungua. Kitanda cha sita: saa tatu na dakika ishirini, shuka mbili. Saa nne kasoro dakika tano, shuka mbili. Saa nne na nusu, shuka tatu na blanketi. Saa tano kasoro robo, shuka mbili. Kwa mwandiko wake mkubwa wa kushikilia kalamu kwa ngumi. Kisha akanitazama akasema, "Nilikuwa nakungojea uje. Nilidhani umesahau kwamba mimi nina macho." Atakuja kikaoni. Nilimwambia anaweza kufukuzwa, akajibu kwamba amekwisha kufua uchafu wa watu wakubwa vya kutosha, hauogopi.

Nilirudi nyumbani nikiimba barabarani. Nikakuta bahasha ya Bodi chini ya mlango.

Nakunakilia: "Tumepokea kwa faraja barua yako ya tarehe 24 Februari, ambayo ndani yake unakiri kwamba ulimpa mume wa marehemu taarifa isiyo ya kweli, na kuomba radhi. Bodi itazingatia unyenyekevu wako."

Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa. Imeambatanishwa na nakala. Chini ni sahihi yangu, ile ya mkia mrefu. Juu yake ni mtu mwingine anaongea.

Nimejiuliza imekuwaje, na nadhani nimepata. Ulichukua faili langu kwenye flashi ukaenda kuchapa dukani. Daftari linachapa tawi lililofunguliwa. Lazima mimi, nilipokuwa nachezea chezea ile asubuhi ya kwanza ukinifundisha, nilibonyeza mahali, Mmaliziaji akaniandikia samahani, likabaki wazi, nawe ukalichapa bila kusoma kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Sikulaumu. Najilaumu mwenyewe na karatasi zangu tupu. Ni mara ya pili mtu anajaza maneno juu ya jina langu, na safari hii hata si mtu.

Nijibu upesi. Ilikuwa hivyo?

Dada

*

Jumanne, 25 Machi

Dada,

Ndiyo. Nadhani ilikuwa hivyo. Duka lilikuwa na foleni, basi lilikuwa linapiga honi, nilifungua faili, nikachapa lililokuwa wazi. Tawi halikuwa lenyewe. Nisamehe.

Lakini kwa kuwa limeshatokea, litazame vizuri. Wameandika "kwa faraja". Mlango uko wazi. Huna haja ya kusema neno lingine lolote. Siku ya kikao unakaa, unainamisha kichwa dakika tano, unarudi kwenye kazi yako. Mashine imesema uongo, wewe hukusema. Hata dhamiri yako iko safi.

Fikiria hilo kabla hujamleta Bibi Shuka na madaftari yake.

Futi

*

Jumamosi, 29 Machi

Wewe,

Leo sikuiti jina.

Nimekuwa nikilitafuta hilo tawi siku tatu. Nilitaka nilione kwa macho yangu, niliseme vibaya, kisha nilifute. Mti wangu sasa una matawi zaidi ya mia, nimepita moja moja kama mtu anayetafuta chawa. Nimelipata leo, chini kabisa, karibu na shina.

Ni jeusi.

Ulinifundisha wewe mwenyewe. Ya bluu ni yake, nyeusi ni ya mkono wa mtu. Tangu "Kwa Bodi Tukufu" mpaka "wenu mtiifu" hakuna neno hata moja la bluu. Nikaweka kishale juu yake, likaonyesha siku na saa lilipoandikwa: tarehe 24 Februari, saa moja na dakika arobaini asubuhi. Saa moja na dakika arobaini, mimi nilikuwa jikoni nakukaangia mayai ya safari. Uliniambia unanirekebishia mashine. Nilikuuliza kwa sauti kama unataka matatu au manne, ukajibu manne.

Na nisingehitaji hata rangi. Umeandika "nilipitiwa". Mmaliziaji hajawahi kusema hivyo hata mara moja. Hilo ni neno lako tangu ukiwa na miaka sita, kila ulipovunja kitu cha mtu.

Nilikutetea, unajua? Niliisingizia mashine, ukaniacha niisingizie. Ukaandika "Ndiyo. Nadhani ilikuwa hivyo."

Msimamizi alijaza nafasi yangu kwa sababu anamwogopa daktari. Huyo namwelewa. Wewe je? Mimi niliyekushika mkono kukupeleka shule, niliyekufundisha kuandika jina lako kwenye vumbi kwa kijiti, ukachukua jina langu ukaliwekea maneno ambayo nimepoteza kazi kwa kuyakataa. Yule mama alinishika mkono huu akaniuliza, "Anakuja?" Nikamwambia anakuja. Hiyo ndiyo mara pekee niliyosema uongo siku ile, na ndiyo peke yake nitakayoiombea radhi, nayo sitaiombea Bodi.

Kikao ni tarehe tisa. Nitasimama na mti wangu wote niliouchapa tawi kwa tawi, kurasa mia na kumi na saba, waone samahani zinavyotengenezwa kwa urahisi.

Mayai manne.

Mkunga

*

Jumatano, 2 Aprili

Dada,

Niliandika mimi.

Sitasema nilipitiwa. Nilikaa nikaandika, nikasoma, nikapeleka kwa miguu yangu. Na kama unataka nikwambie najuta, ngoja kidogo, maana bado sijafika hapo.

Mwezi mzima niliokaa kwako kabla ya kuja huku, nilikuona. Kila asubuhi unaoga, unavaa, unakaa mezani na mkoba wako wa kazi magotini kama mtu anayengojea kuitwa. Jirani alipokuja kuzaa ukaambiwa usimguse, ulisimama dirishani ukimsikiliza akilia, na mikono yako ilikuwa inajikunja yenyewe. Nikasema huyu atakufa nikimtazama, kwa ajili ya saa moja na dakika hamsini na tano za siku moja. Wewe ni mkaidi, Dada. Ulikuwa mkaidi hata pale ulipoacha shule ili mimi nisome. Safari hii nikasema na mimi nikate kauli bila kukuuliza, kama ulivyokata zako.

Sasa najua nilichukua kisichokuwa changu. Hilo nalikubali.

Jambo moja lazima ulijue kabla ya tarehe tisa. Mpima ardhi akishikwa na hati ya kughushi, hapewi tena muhuri. Sahihi yangu ndiyo mpaka wa shamba la mtu. Ukinitaja, kazi yangu imekwisha. Sikwambii hivi ili unyamaze. Nakwambia kwa sababu nimechoka kukuficha vitu.

Futi

*

Alhamisi, 10 Aprili

Futi,

Nakuandikia nikiwa bado na viatu vya jana.

Chumba kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiogopa. Meza ndefu, watu watano, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Mwanasheria wa hospitali alivaa tai ya kijani. Nyuma yangu alikaa fundi viti na mtoto wake wa kike kifuani, miezi mitatu kasoro, amelala usingizi wa mtu asiyedaiwa maelezo. Bibi Shuka alikaa karibu naye na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilieleza yote, kwa saa zake. Kisha nikasema na la kwangu: kwamba miaka ishirini na mmoja nimetia sahihi fomu tupu, kwamba ni kosa, ni kosa la wodi nzima lakini lililomzika yule mama lina jina langu, na kwa hilo niadhibiwe. Bibi Shuka akasoma shuka zake moja moja. Mwanasheria akamuuliza atahakikishaje kwamba saa yake ilikuwa sawa. Akanyoosha mkono, akasema, "Ninazo mbili, mwanangu. Wewe unayo moja?"

Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu wa miwani, akaitoa ile barua. Akasema daftari la shuka lina uzito, lakini hapa kuna barua ya mkunga mwenyewe anayekiri kwamba alidanganya. Amwamini yupi?

Nikasema, "Sahihi ni yangu. Maneno si yangu."

"Yaliandikwa na nani? Na hii kompyuta yako?"

Futi, ilikuwa rahisi mno. Nilikuwa na kurasa mia na kumi na saba mezani, karibu zote za bluu. Wote walikuwa tayari kuamini. Ningesema ndiyo, Mmaliziaji asingebisha, nawe ungebaki na muhuri wako. Ila nisingekuwa nimetoka kwenye uongo, ningekuwa nimebadilisha tawi tu.

Nikasema, "Hapana. Mashine haikuhusika. Aliyeandika namjua, na sitamtaja."

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema basi kuna njia mbili. Barua ikisimama, leseni narudishiwa leo hii, na onyo. Nikiikana bila kusema nani kaiandika, hawana la kufanya, shauri linabaki wazi hadi tarehe ishirini na tano na baada ya hapo linafungwa bila mimi kurudishiwa leseni. Akatoa leseni yangu kwenye faili, ile yenye picha nikiwa na mashavu. Akaiweka juu ya meza, upande wangu.

Niliitazama. Sikudanganyi, niliitazama muda mrefu. Mtoto wa fundi viti aliamka akaanza kudai titi ambalo halipo.

Nikaisukuma ikarudi upande wao. Nikasema, "Kaeni nayo. Nikiichukua hivi, sina cha kumwambia huyu mtoto akikua."

Sikukutaja, lakini usinishukuru, bado nimekukasirikia mpaka kwenye mifupa. Sikukutaja kwa sababu nimechoka watu kusemewa. Umekuwa mtu mzima. Maneno yako unayajua yalipo.

Fundi viti ameniletea kiti jioni hii. Amekiweka barazani akaondoka. Nimekikalia kukuandikia.

Dada

*

Jumatano, 16 Aprili

Dada,

Dereva wa lori anangoja, amewasha injini ili nimsikie. Hii ni nakala. Ile yenyewe anaipeleka Bodi kwa mkono, nimemwapisha. Kompyuta nimeifunga, sikutaka matawi. Nimeandika kwa kalamu, nimekosea mahali pawili, nimekata nikaandika juu.

Kama kiti kina mwenzake, mwambie fundi nitakihitaji. Huenda nikarudi nyumbani mapema.

Futi

*

16 Aprili

Kwa Mwenyekiti, Bodi ya Wakunga

Mimi ni mpima ardhi, na ni mdogo wa tumbo moja wa mkunga mnayemsikiliza.

Barua ya tarehe 24 Februari niliiandika mimi, kwenye kompyuta yake, saa moja na dakika arobaini asubuhi, yeye akiwa jikoni ananiandalia chakula cha safari. Hakuijua. Hakuna mashine iliyonisaidia hata neno moja. Aliniachia karatasi yenye sahihi yake nichape barua ya mistari sita inayosema haombi radhi. Nilichapa nyingine. Ile ya mistari sita, niliyoinakili kutoka kwenye flashi, naiambatanisha hapa, mpate kusikia sauti yake.

Nimemfanyia alichofanyiwa wodini: mtu anayemwamini alikuta nafasi wazi juu ya jina lake akaijaza. Kwa hiyo mkimuuliza jambo hilo linawezekana vipi, niulizeni mimi. Nimelifanya, na lilichukua muda wa kukaanga mayai manne.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa ofisi inayonipa leseni, pamoja na muhuri wangu. Wataamua wao. Vipimo vya barabara hii nimevikabidhi kwa mwenzangu jana, vyote vikiwa sahihi.

Sitaki mumhurumie dada yangu. Nataka mwandike saa tano na dakika kumi pale palipoandikwa saa tatu na nusu, na muda huo usomwe kwa sauti mbele ya mume wa marehemu.

Barua hii nimeiandika yote kwanza. Nimeisoma mara mbili mpaka mwisho. Ndiyo sasa natia sahihi.